Alice Seeley Harris: mama aliyepiga foto ambazo Leopold hakuweza kuzizima

Apareyi ndogo za dijitali bado ziko nyingi kwetu. Hapa Salamabila, na pia Kasongo na Kabambare, utaziona kwenye arusi, kwenye sherehe za kumaliza masomo, hata kwa vijana wanaopiga foto za pasi sokoni. Watu wengi wanazichukua kama kitu cha kujifurahisha ama cha kutafutia franka kidogo. Lakini katika nchi yetu hii kuna mtu aliyetumia apareyi yake kwa kazi nyingine kabisa, na foto zake zilisaidia kuondoa utawala mzima. Alikuwa mwanamke. Jina lake ni Alice Seeley Harris.

Wengi wetu tumeona foto yake moja bila kujua ni nani aliyeipiga. Ni ile ya baba mmoja aliyeketi pembeni ya baraza, anaangalia chini, na mbele yake kuna mkono mdogo na mguu mdogo wa mtoto. Foto hiyo inazunguka kila mara kwenye simu, na mara nyingi maelezo yanayoandikwa chini yake si ya kweli. Ndiyo sababu leo tunaeleza maisha ya mama huyu na jinsi alivyotumia apareyi yake.

Maniema kabla ya foto

Kwanza tuangalie kwetu. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, katika eneo ambalo leo ni teritware ya Kasongo, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 400. Mzungu mmoja alikuwa pale akaona kwa macho yake: David Livingstone. Kartasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino aliotengeneza kwa maji ya matunda ya porini. Maandishi yake yalipofika Uingereza yaliwashtua watu, na mwaka wa 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa.

Lakini foto ya siku ile haipo. Hatujui sura za wale wanawake wa Nyangwe, na majina yao hayakuandikwa. Miaka 33 baadaye, upande mwingine wa Kongo, mambo yalikwenda tofauti, kwa sababu Alice alikuwa na apareyi na daftari.

Kutoka Malmesbury mpaka Baringa

Alice Seeley alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 katika mji mdogo wa Malmesbury, Uingereza. Familia yake haikuwa ya matajiri. Alisoma, akapata kazi ya serikali kwenye ofisi za posta huko London, kazi nzuri kwa msichana wa wakati ule. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kazi ya misioni. Aliacha ofisi, akaingia katika masomo ya kutayarisha wamisionari, na huko akachumbiwa na John Harris.

Walioana mwezi wa Mei 1898. Siku chache tu baada ya arusi walipanda meli kuja Kongo. Yaani safari ya kwanza ya ndoa yao ilikuwa kuja kwetu.

Walitumwa na misioni ya Kiprotestanti iliyoitwa Congo Balolo Mission. Kwanza walikaa Ikau, karibu na Basankusu, halafu wakahamia Baringa, kando ya mto Maringa. Leo Baringa iko katika jimbo la Tshuapa. Kazi ya Alice ilikuwa kufundisha watoto kusoma na kuandika.

Wakati ule Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa 2, na iliitwa Dola Huru ya Kongo. Ni dola hiyo hiyo ambayo askari wake waliingia Kasongo mwaka wa 1893 wakati wa vita dhidi ya wana wa Tippu Tip na wenzao. Upande wa Baringa, Leopold alikuwa ametoa msitu wote kwa kampuni moja iliyoitwa ABIR. Kampuni hiyo ilitaka kitu kimoja: mpira wa porini, yaani kaucho.

Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta kila mara. Wanaume walikaa porini siku nyingi wakitafuta mitamba ya mpira, mashamba yakabaki bila mtu. Kijiji kikipungukiwa, walinzi wa kampuni wenye bunduki walikuja. Wanawake walishikwa na kufungwa mpaka waume zao walete mpira. Wengine walichapwa fimbo, wengine waliuawa. Na kwa sababu wakubwa hawakutaka risasi zipotee katika kuwinda nyama, askari alipaswa kuleta mkono uliokatwa kuonyesha kwamba risasi ilitumika kwa mtu. Askari aliyetumia risasi kwa mambo yake alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie.

Apareyi ya vioo

Wamisionari wengi waliona mambo haya, na wengine waliandika barua. Barua zilijibiwa kwamba ni uongo, ama ni chuki ya Waprotestanti dhidi ya mfalme Mkatoliki. Mfalme alikuwa na pesa za kulipa waandishi wa magazeti wamsifu, na alilipa kweli.

Alice alikuwa amekuja na apareyi. Mwanzoni aliitumia kama wamisionari wengine: foto za shule, za watoto, za mto, za kuwaonyesha Wakristo wa Uingereza kazi ya misioni inavyoendelea. Hakuja Kongo kama mwandishi wa habari.

Tusifikiri apareyi hiyo ilikuwa kama hizi zetu za kuweka mfukoni. Leo unabonyeza, unaangalia foto papo hapo nyuma ya apareyi, na kadi ya memori ndogo kuliko kucha mbili inabeba foto maelfu. Kwa Alice, kila foto ilikuwa kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Kioo kimoja, foto moja. Kioo kikipata mwangaza kabla ya wakati, kimeharibika. Baada ya kupiga, ilibidi kuingia katika chumba chenye giza, kukiosha kwa dawa, halafu kwa maji safi, halafu kukikausha. Fikiria kazi hiyo katika joto na unyevu wa msitu, wadudu wakiingia kila mahali. Halafu vioo vilipaswa kusafiri kwa mashua ya moshi na kwa treni mpaka bandari ya Matadi, na kwa meli mpaka Ulaya, bila kuvunjika. Mtu mwenye vioo vichache hapigi ovyo. Anafikiri kwanza.

Ni kweli kwamba wakati ule apareyi rahisi zilikuwa zimeanza. Mmarekani George Eastman alitoa Kodak yake ya kwanza mwaka wa 1888, sanduku dogo lenye filamu ya foto 100, na mwaka wa 1900 akatoa nyingine, Brownie, kwa dola 1 tu. Ni kampuni hiyo hiyo ya Kodak ambayo mwaka wa 1975 injinia wake alitengeneza apareyi ya kwanza ya dijitali, nzito ya karibu kilo 4. Jina la Kodak lilijulikana sana hata mwandishi Mark Twain, katika kitabu chake cha mwaka 1905 cha kumcheka Leopold, alimfanya mfalme alalamike kwamba apareyi ndiye shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga.

Tarehe 14 Mei 1904

Siku hiyo mtu mmoja alifika kwenye misioni ya Baringa. Jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala. Alibeba kifurushi cha majani. Walinzi wa ABIR walikuwa wamevamia kijiji chake kwa sababu mpira haukutimia. Walimwua mke wake, Bonginganoa, na binti yake mdogo, Boali, na wakawala. Kilichobaki cha Boali, mkono na mguu, ndicho kilikuwa ndani ya majani yale.

Alice ndiye aliyempokea, pamoja na mmisionari mwenzake. Alimwomba Nsala akubali kupigwa foto na mabaki ya mtoto wake. Nsala alikubali, akaketi kwenye baraza. Hakulia mbele ya apareyi wala hakuonyesha hasira. Aliangalia tu.

Tuangalie vizuri alichofanya Alice siku ile, maana ndilo jambo kubwa katika maisha yake yote. Hakumpiga Nsala kwa siri. Alimwomba. Tena hakuishia kubonyeza. Jina la baba liliandikwa, la mke liliandikwa, la mtoto liliandikwa. Kijiji kiliandikwa. Tarehe iliandikwa. Ilijulikana ni walinzi wa kampuni gani. Kwa hiyo foto ilipofika Ulaya, haikuwa foto ya Mwafrika fulani mwenye huzuni. Ilikuwa ushahidi ambao mtu angeweza kwenda Wala na kuuliza.

Baada ya Nsala, Alice aliendelea. Alipiga foto za vijana waliopoteza mikono, na kitambaa cheupe kiliwekwa ili mkono mweusi uliokatwa uonekane wazi. Mmoja wao aliitwa Yoka, aliyekatwa mkono. Mwingine aliitwa Mola, ambaye mikono yake iliharibika kwa kufungwa kamba kwa nguvu sana. Alipiga pia wanawake waliofungwa, na walinzi wenye bunduki wenyewe.

Kwa nini foto peke yake haitoshi

Kuna kisa kingine cha wakati uleule kinachotuonyesha umuhimu wa hayo maandishi. Mwaka wa 1903, konseli wa Uingereza Roger Casement alisafiri katika eneo hilo kuchunguza. Alikutana na kijana Epondo, asiye na mkono, na Epondo alieleza kwamba mlinzi wa mpira ndiye aliyemkata. Casement aliondoka. Halafu watu wa serikali walikwenda kumwuliza Epondo tena, na safari hiyo akasema ni nguruwe wa porini aliyemuuma. Watetezi wa Leopold walikimbilia kisa hicho kimoja, wakakipigia kelele katika Ulaya nzima, kusudi ripoti yote ya Casement ionekane uongo.

Kila mtu anayeishi kwetu anaelewa jinsi shahidi anavyoweza kubadili maneno akiulizwa na mtu mwenye bunduki. Kovu linaonekana kwenye foto, lakini foto haisemi nani alilifanya. Ndiyo sababu wingi wa visa, majina na tarehe ulikuwa muhimu kuliko foto moja.

Kelele zilipozidi, Leopold alilazimika mwaka wa 1904 kutuma tume ya uchunguzi ya watu watatu. Ilifika Baringa mwezi wa Desemba. John Harris alitoa ushahidi. Lakini aliyegusa watu zaidi alikuwa chifu Lontulu. Aliweka mbele ya wale majaji vijiti 110, kila kijiti mtu wake mmoja aliyekufa kwa ajili ya mpira, na akawa anataja majina yao kimoja kimoja. Chifu huyu hakuwa na apareyi wala kalamu. Alikuwa na hesabu na majina. Vijiti vyake na vioo vya Alice vilifanya kazi moja.

Tume ilitoa ripoti mwaka wa 1905. Mfalme alitegemea itamsafisha, lakini ilikubali kwamba maovu yalikuwepo.

Taa na vioo katika miji ya Ulaya na Marekani

Mwaka huohuo wa 1905 Alice na bwana yake walirudi Uingereza na kujiunga na chama cha kutetea Kongo, ambacho E. D. Morel alikuwa amekianzisha mwaka wa 1904. Hapo foto zikaanza kazi yao kubwa. Zilitiwa kwenye vioo vya taa ya kuonyesha picha, kama vile leo tunavyotumia projekta. Katika makanisa na kumbi, giza liliingia, taa ikawaka, na Nsala akaonekana ukutani, mkubwa kama mtu wa kweli. Alice alisimama pembeni akieleza.

Katika miaka miwili ya kwanza, Alice na John walizungumza mbele ya watu karibu mara 600. Mwaka wa 1906 walikwenda Marekani, na mikutano ilipita 200 katika miji 49. Kwa wakati ule mwanamke kusimama mbele ya umati na kuzungumza siasa halikuwa jambo la kawaida.

Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Yeye mwenyewe alikufa mwezi wa Desemba 1909. Foto za Alice hazikufanya hayo peke yake. Kulikuwa na Morel, Casement, wamisionari wengine, na zaidi ya yote Wakongomani waliokubali kusema mbele ya hatari. Lakini bila foto, watu wengi wa Ulaya wangeendelea kusema ni maneno tu.

Mambo ambayo foto hazikumaliza

Tusimfanye kuwa malaika. Alice alikuwa mtu wa wakati wake. Yeye na bwana yake hawakudai Wakongomani wajitawale. Walitaka utawala wa wazungu ulio bora. Katika kumbi za Ulaya, ni wazungu waliosimama kueleza, na Nsala hakupata nafasi ya kupanda pale na kusema kwa kinywa chake. Na baada ya 1908 mateso hayakuisha. Huku kwetu Maniema wazee bado wanaeleza habari za pamba ya lazima, na fimbo zake, chini ya Wabelgiji.

Alice alirudi Kongo na John mwaka wa 1911 kuangalia kama mambo yamebadilika, na alipiga foto nyingine nyingi. Wote wawili walikuwa wameshika uongozi wa chama cha kupinga utumwa cha Uingereza tangu 1910. John alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza mwaka wa 1933, na kwa hiyo Alice akawa Lady Harris, lakini inajulikana kwamba hakupenda kuitwa hivyo. John alikufa mwaka wa 1940. Alice aliendelea kuishi miaka 30 zaidi. Alikufa tarehe 24 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 100. Alikuwa ameona Kongo ikipata uhuru.

Kwa muda mrefu jina lake lilisahaulika. Foto zilichapishwa vitabuni bila kutaja aliyezipiga, ama kazi ilihesabiwa kuwa ya bwana yake. Mwaka wa 2014 makumbusho ya utumwa ya Liverpool ilionyesha foto zake, na watu wengi wakamfahamu upya.

Kwa mwenye apareyi leo

Apareyi ndogo ya dijitali, hata ya zamani, ina nguvu kuliko ile ya Alice. Lakini kazi aliyoifanya bado inatakiwa, na ndiyo tunayoisahau. Wakati foto ya mtu aliyeteswa inapofika kwenye redio bila jina, bila kijiji, bila tarehe, hatuwezi kuitumia. Kesho mtu mwingine ataitoa akisema ni ya nchi nyingine, na hatutakuwa na jibu.

Kwa hiyo, ndugu mwenye apareyi, angalia kwanza saa na tarehe ndani yake. Apareyi ya dijitali inaandika tarehe ndani ya kila foto, lakini betri ikitolewa muda mrefu, tarehe inarudi nyuma na foto ya leo inaonekana ya miaka iliyopita. Usifute foto ya asili kwenye kadi. Ukiituma kwa WhatsApp inapunguzwa, na ile tarehe ya ndani inapotea, kwa hiyo nakala ya kweli ibaki mahali pa usalama. Piga ya karibu, na piga pia ya mbali inayoonyesha mahali: mlima, kanisa, daraja la kijiji. Kuwa na daftari, andika nani, wapi, lini, na nani mwingine aliona.

Na muombe mtu ruhusa. Mweleze foto itakwenda wapi. Kwetu, foto inaweza kumrudia mtu nyumbani usiku. Wakati mwingine jina lake linapaswa kuandikwa katika daftari lako tu, lisitolewe hewani. Akikataa, acha. Na wewe mwenyewe, usichomoe apareyi kwenye barriere ama karibu na kambi ya askari. Foto haina thamani ya maisha yako.

Wale wanawake wa Nyangwe hatuna majina yao, na hatutayapata tena. Boali alikuwa mtoto mdogo wa kijiji kisichojulikana, lakini miaka zaidi ya 120 imepita na bado tunalitaja jina lake hapa Maniema, kwa sababu baba yake alikubali kuketi mbele ya kioo kimoja, na mama mmoja aliandika vizuri.